Maji Ndani ya Matairi

Nakumbuka, mwanangu, siku moja niliyojiona fundi wa kijiji chetu kizima cha Wema, na kabla jua halijafika utosini nikawa nimelizamisha trekta la kikundi hadi tumbo. Cheka tu. Mimi mwenyewe sasa nacheka, ila siku ile nililia.

Lilikuwa trekta dogo, mali ya kikundi cha kina mama, na dereva nilikuwa mimi, msichana wa miaka ishirini na ulimi mrefu kuliko barabara ya Garsen. Tulikuwa tumevuna mpunga bondeni, magunia yakiwa bado shambani, habari zikatufikia kutoka Wenje, huko juu ya mto, kwamba mto umepanda na maji yanashuka kwetu. Tulikuwa na siku mbili, labda moja. Mpunga ule ukichukuliwa, nyumba zetu hazina chakula mpaka mavuno mengine. Na mvua ilikwisha igeuza njia ya shamba kuwa tope jeusi, lile linalovua watu viatu.

Sasa sikiliza nilivyojidanganya. Sisi ni watu wa mto. Mtumbwi ukikwama kwenye fungu la mchanga unafanyaje? Unashusha mzigo, unakuwa mwepesi, unaondoka. Nikasema tope nalo ni vivyo hivyo. Fundi aliyetuletea trekta alikuwa ametia maji ndani ya matairi ya nyuma na kufunga vyuma vizito kwenye magurudumu. Mimi nikavifungua vyuma, nikayamwaga maji yote, nikajaza upepo hadi matairi yakawa magumu kama jiwe. Mzee Komora, aliyeendesha matrekta ya mashamba ya mpunga ujana wake wote, alipita akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba zama zake zimepita. Ole wangu, mdomo huu!

Nikafunga tela lililojaa magunia, nikatia gia. Magurudumu yakazunguka pale pale. Kila nilipokanyaga mafuta ndivyo yalivyozidi kuchimba. Mama yangu, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi, alisimama pembeni mikono kichwani. Kumwona hivyo kuliniuma kuliko matusi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilivunjika mbele ya kijiji kizima.

Nikaenda mbio kwa Mzee Komora, nikapiga magoti mlangoni pake nikamwomba radhi. Hakunicheka, ingawa alikuwa na haki. Aliniuliza tu: nikipanda ukingo wa mto wenye utelezi, ndoo imejaa kichwani, huwa napandaje? Nikamwambia nachimbia vidole vya miguu ardhini.

“Basi umejijibu,” akasema. “Mtumbwi huelea, trekta hutembea. Cha kuelea kipunguzie mzigo. Cha kutembea kipe uzito miguuni na kucha za kushikia.”

Tukafanya kazi, mwanangu, we acha tu! Kina mama wakashusha magunia nusu, wakachimba tope kwa majembe. Nikainua gurudumu moja moja kwa jeki juu ya ubao. Tukapandisha pipa la maji juu ya tela, tukashusha mpira wa maji hadi kwenye tairi, nami nikitoa upepo kidogo kidogo ili maji yapate nafasi. Vyuma vikarudi mahali pake. Kisha wavuvi wakavuta mitumbwi yao nchi kavu na kutupatia minyororo ya kuifungia, tukaizungusha kwenye matairi ya nyuma, hizo ndizo kucha. Mzee akaniambia nitie gia ndogo kabisa na nisiwe na pupa.

Trekta likanguruma, likatikisika, likatoka! Lilitembea polepole kama bibi harusi, na halikuteleza hata mara moja. Vigelegele vilivyopigwa, nadhani hata watu wa kijiji cha Chara walivisikia. Nilienda na kurudi mara nne, na gunia la mwisho lilipofika mwinuko wa kijiji, maji yalikuwa yameanza kuingia shambani. Kesho yake pale pote palikuwa ziwa, na sisi tunaanika mpunga.

Mama alikuja na sahani ya wali, akasimama kando ya trekta.

“Shuka ule, dereva,” akasema.

Hakuwahi kuniita hivyo kabla.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ujuzi wa jambo moja usikutie kiburi kwenye jambo jingine. Kuuliza si ujinga. Na ukikosea, kwani utakosea tu, usikae kuilinda aibu yako watu wakiangamia. Kimbia ukaombe radhi mapema, maana radhi ya mapema ndiyo iliyotuokolea chakula, si trekta peke yake. Mungu akupe mguu usioteleza, akupe na moyo mwepesi wa kurejea, na ulichopanda kwa jasho lako ukile wewe na wanao. Amina.