Begi la Kanchanben Latangulia Kanada

Mtu akitaka kujua ugumu wa kwenda ng'ambo, asiwaulize waliokwenda. Awaulize majirani, hasa wale ambao hawajawahi kuvuka hata kituo cha reli. Kichochoro cha nyuma ya soko la nafaka, hapo mjini Nadiad, kilijaa wataalamu wa namna hiyo, na tangu habari zienee kwamba Kanchanben anakwenda Kanada, hakuna aliyefunga mdomo. Mmoja alimweleza kuwa mate ya kule huganda kabla hayajafika chini. Mwingine alimwonya asicheke mbele ya ofisa wa uwanja wa ndege, maana mtu mwenye furaha hushukiwa ana kitu anaficha.

Kanchanben alikuwa mtengeneza achari, mwanamke wa miaka sitini na ushei, mikono yake ikinukia manjano hata siku ya sikukuu. Kutishika hakukujua. Alikuwa hapunguzi bei hata kwa mashemeji zake, na mashemeji zake walikuwa watu wa kuogopwa. Ila binti yake wa pekee, Falguni, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza huko Toronto, na mume wa Falguni alikuwa kijana mwema ambaye akichemsha maziwa huita watu wa zimamoto. Kanchanben aliapa kwamba mjukuu wake hatapokelewa duniani na wageni watupu. Hilo ndilo lililomkaa moyoni. Baridi, ofisa na ndege vilikuwa makelele tu.

Mumewe Ramniklal, karani mstaafu wa reli, alikataa katakata kwenda. Alisema amewapandisha watu kwenye garimoshi maisha yake yote na hajaona aliyeshuka ana raha kuliko alivyopanda. Kazi yake ikawa kubeba sanduku la mkewe hadi kwenye mizani ya mwenye duka la nafaka, kulirudisha, kulipunguza, na kulipeleka tena. Kila likipungua, ndugu waliongeza. Shangazi wa mume wa Falguni alileta papadi, zile chapati kavu za dengu, za kutosha harusi. Binamu fulani alileta jiwe la kusagia viungo, akasema Kanada kuna mawe lakini hayana adabu. Siku mbili tatu Kanchanben alikwenda kufanya mazoezi ya ngazi za umeme kwenye duka kubwa la Ahmedabad, amevaa sari na raba nyeupe. Kupanda alipanda. Kushuka alishuka kwa ngazi za kawaida, akisema hata wa Kanada lazima wana zile za akiba.

Yote hayo yangekwisha salama kama ndege isingekuwa ya Ijumaa. Maharaji, kuhani wa mtaa, alipoambiwa, alikunja uso. Ijumaa upande wa magharibi una mkuki. Anayekwenda huko siku hiyo anaufuata kwa kifua. Dawa yake kila mtu kichochoroni anaijua. Siku ikiwa mbaya, safari inaanzishwa mapema: begi linatolewa siku njema, linalala kwa jirani wa upande ule unaokwenda, na tangu hapo wewe umeshasafiri, hata kama bado unakula nyumbani kwako. Ila begi likishatoka halirudi. Likirudi, safari imekatika.

Maharaji akachagua Jumatano. Jirani wa magharibi alikuwa Dahiben.

Hapo ndipo Kanchanben alipokosa raha. Dahiben alikuwa mjane, mlango wake ukitazamana na wa Kanchanben, na wawili hao walikuwa hawasemeshani miaka mingi kwa ajili ya mfereji wa paa uliomwaga maji upande usiotakiwa. Wakiwa na la kuambiana walimwambia ng'ombe yeyote aliyepita. Ng'ombe wa kichochoro kile walisikia matusi ya kuwatosha kizazi kizima.

Lakini begi la safari halikataliwi, hata la adui. Jumatano asubuhi Ramniklal alilibeba, Kanchanben akafuata nyuma akiwa ameangalia ukuta. Dahiben alilipokea kwa mikono miwili. Alilitazama kitambo kirefu, kuliko linavyostahili begi la rangi ya kahawia. Kisha akamgeukia ng'ombe aliyekuwa akitafuna gazeti.

"Mwambie mwenyewe litakaa salama," alisema. "Kwangu mizigo ya watu hairudishwi."

Kanchanben alijua ni kijembe, ila hakujua kimelenga wapi. Alikisia ni mfereji.

Kesho yake Falguni alipiga simu akitaka picha ya pasipoti, kuna mambo ya ndege alitaka kuyamaliza mapema. Ramniklal alifungua kabati, akafungua sanduku, akainua hata godoro.

"Mama Falguni, pasipoti iko wapi?"

"Imeshaondoka."

"Imeondoka kwenda wapi?"

"Kanada," alisema Kanchanben. "Kwa sasa iko kwa Dahiben."

Maharaji alikuwa amemwambia aweke nazi, popoo, nguo moja, na kitu ambacho bila hicho hawezi kusafiri. Watu wengine huweka sarafu. Kanchanben aliwaza kwa akili yake yote, akaona kitu hicho ni kimoja tu. Ramniklal alimpigia maharaji kumwuliza kama pasipoti inaweza kurudi nyumbani dakika moja tu ikapigwe picha. Maharaji alifikiri, pumzi zake zikisikika, kisha akatoa hukumu: pasipoti haiwezi kurudi mashariki, lakini hakuna andiko linalokataza simu kwenda magharibi.

Ramniklal akaenda na simu. Alikawia. Aliporudi alisema picha imetoka vizuri na kwamba chai ya Dahiben ina tangawizi inayojua kazi yake. Mkewe hakumsemesha mpaka wakati wa kula.

Ijumaa asubuhi gari la kukodi lilisimama barabarani, kwa sababu kichochoro hakiingii gari. Kanchanben, sari mpya, raba nyeupe, alivuka kwenda kuchukua begi lake. Mlango wa Dahiben ulikuwa na kufuli.

Aligonga. Aligonga tena kwa kiatu. Watu wakatoka, kila mmoja na lake. Dahiben kaenda kwa dada yake mjini Anand. Dahiben kaenda kuhiji Dakor kwa miguu. Dahiben amengoja siku hii miaka yote, maana mwenye kisasi hasahau. Kanchanben akaketi juu ya kizingiti cha adui yake, na mwanamke yule aliyetisha hata mashemeji akaanza kulia mbele ya watu. Aliogopa, na akasema kwamba anaogopa. Alisema mtoto wake atajifungua peke yake kama yatima, na mama ndiye aliyemkabidhi adui pasipoti kwa mkono wake mwenyewe. Wataalamu wa Kanada wote wakanyamaza.

"Vunja kufuli," alimwambia mumewe.

Ramniklal alikuwa ameshashika mchi wakati dereva alipokuja mbio, anatweta na amekasirika. "Nyie, mnakwenda au hamwendi? Kuna bibi kule barabarani amekalia begi tangu alfajiri. Anasema mwambieni yule wa achari, kama Kanada imehamia huku kwenu basi akae."

Kanchanben hakumbuki jinsi alivyofika barabarani. Dahiben alikuwa kweli amekalia begi, kando ya muuza chai, kibakuli kilichofunikwa mapajani. Hapakuwa na ng'ombe karibu. Alimtazama Kanchanben usoni.

"Umechelewa."

"Mlango una kufuli," alisema Kanchanben. "Nimekufa mara tatu."

"Mlango wangu unatazama kwako, Kanchan. Ningekupa begi pale, lingetoka likielekea nyumbani. Hatua kumi za kurudi nyuma ni za kurudi nyuma. Nimelitoa kwa mlango wa uani, nikazunguka ghala zima la soko nalo kichwani, na goti langu hili." Akalipapasa begi. "Begi la mtu haligeuzwi. La kwangu uliligeuza wewe."

Ndipo Kanchanben alipolikumbuka. Begi la kijani. Kirit, mwana wa Dahiben, alikuwa amemwita mamaye Melbourne, na begi likaletwa kulala kwa jirani wa mashariki, yaani kwa Kanchanben. Mwezi ule ulikuwa wa harusi ya Falguni, magunia ya mchele yakakosa pa kukaa, na Kanchanben, akidhani anatenda wema, alilibeba begi lile akavuka nalo na kulitua mlangoni kwa mwenyewe. Juma lile lile Kirit akapiga simu akasema mama angoje kidogo. Dahiben alikuwa bado anangoja. Ugomvi wa mfereji ulianza baada ya hapo.

"Mbona hukuniambia?" Sauti ya Kanchanben ilikuwa ndogo.

"Nikwambie nini? Ningekwambia, ungesema kosa si la begi." Dahiben aliinuka, akashika goti. "Nikililaumu begi, simlaumu mwanangu. Haya, fungua mdomo. Najua katika makelele yenu mmesahau."

Kwenye kibakuli mlikuwa na mtindi na sukari, anavyolishwa msafiri kabla ya kutoka ili safari iwe njema. Kweli walikuwa wamesahau. Kanchanben alimeza kijiko kile huku machozi yakimwingia kinywani, akaomba msamaha, naye Dahiben akamwambia anene baadaye, dereva anahesabu dakika. Begi likaingia garini likitazama magharibi.

Kanchanben alikuwa ameshaketi alipotoa kichwa dirishani. "Dahiben. Lete lile la kijani nyumbani kwangu."

"Nina safari gani mimi?"

"Wewe lete tu. Magunia sasa sina."

Dahiben alimfokea muuza chai kwa kumchungulia.

Ndege ilifika, ofisa hakuuliza lolote, na jiwe la kusagia lilipita kwa taabu. Mtoto alizaliwa baada ya siku chache, msichana, sauti kama ya bibi yake. Ramniklal alipopigiwa simu alilia, akacheka, akauliza kama kule kuna chai. Kisha akalalamika.

"Mama Falguni, kuna begi la kijani hapa ndani. Dahiben kalileta jana, kalitua katikati ya njia kati ya kitanda na choo. Usiku nimejikwaa, kidole kimevimba. Nilisogeze?"

Kanchanben alikuwa na mjukuu mkononi. Alimtazama kwanza, kisha akasema taratibu asimwamshe.

"Jikwae, Baba Falguni. Usiliguse."