Kamba ya Kadogo

Juzi pale Isaka lori lilipiga honi, na punda aliyekuwa akivuta mkokoteni wa maji akagoma katikati ya njia. Watu wakamfokea mwenye punda. Mimi nikakumbuka mchana ule baba alipomuuza punda wetu, Kadogo.

Mnunuzi alikuwa mkulima wa Ushetu, mikono yake ikinuka tumbaku mbichi. Alimpanua Kadogo mdomo, akatazama meno, akambonyeza mgongo. Baba hakumficha kitu.

"Mzigo haogopi," alisema. "Ila akisikia honi hasogei mpaka umsemeshe polepole."

"Umefanya vizuri kuniambia, Baba Milembe."

Milembe ni mimi. Nilimtazama baba akimvua Kadogo kamba yake na mgeni akimfunga nyingine mpya, ya katani. Ile ya zamani baba aliitundika kwenye msumari mlangoni. Leo najua ni desturi: ukiuza mnyama, kamba hutoi, mnunuzi huja na yake. Siku ile nilidhani imebaki kwa sababu Kadogo atarudi. Jioni nikamjazia maji kwenye karai lake.

Kila nilipopita mlangoni niliinusa ile kamba. Ilinuka jasho lake na vumbi, halafu ikawa inanuka vumbi tu.

Mvua zilipokwisha, baba alikwenda machimboni Geita. Koti lake aliliacha kwenye msumari uleule.

"Atalifuata," mama aliniambia.

Niliitikia. Lakini koti lile sikulinusa hata siku moja.