Mzee Miraji Alivyomruka Mkwewe

Mzee Miraji, mshona kanzu wa Mkunazini, alikuwa na macho mazuri kabisa kwa kitu kilichokaa mbele ya pua yake. Uzi aliutia kwenye tundu la sindano mara moja, bila ya kuulamba. Dunia iliyobaki, ya kushoto na ya kulia, ilikuwa imeshateremshiwa pazia, naye hakumwambia mtu.

Daktari alimweleza tangu mwaka juzi: maji ya ndani ya jicho yanasukuma, mshipa unaumia, na jicho huanza kufa pembeni likaja kati. "Kilichokwenda hakirudi," alisema. "Lakini tia dawa kila siku. Wengi wanaotia hufa wazee na bado wanaona. Wapo ambao jicho moja huwazimikia, baada ya miaka kumi, ishirini. Wasiotia ndio wanaonitia hofu." Miraji akatia siku chache. Dawa ikamletea kiza kazini, na tena mkewe, Bi Mwanakheir, angeiona chupa angeuliza. Akaificha, akaendelea kuwa mzee asiye na ila.

Alipoanza kuwapita watu mabarazani bila ya salamu, mtaa ukamwita Bwana Mkubwa. Naye, niamini, akafurahi! Kiburi ni maradhi ya wenye vyao. Fundi kipofu nani atampelekea kitambaa?

Ikaja posa ya binti yake, Tabia. Mposaji ni Simai, mtoto wa Borafya, seremala wa Ng'ambo, kwenye vibanda vya udongo nje ya Mji. Mjini, kwenye majumba ya mawe, watu walishakunja pua, na mwaka wenyewe ndio ule wa uchaguzi, wa hamsini na saba, hata kikombe cha kahawa kilikuwa na chama chake. Siku ya kuipokea posa yakasomwa maulidi, na Miraji akaushika mrashi kwa mkono wake, awatie wageni marashi viganjani kama ilivyo ada ya mwenye nyumba.

Borafya alikaa kushoto, karibu na mlango, viganja ameshavikinga. Miraji akampita, akamtilia aliyefuata. Viganja vya seremala vikabaki hewani, vikavu, mbele ya watu arubaini. Akavifuta kwenye kanzu kama vilivyorowa, akanyanyuka, akavaa makubadhi yake.

Kesho yake likaja neno: posa imevunjika.

"Umemruka mkweo kama gogo!" Bi Mwanakheir alimpigia kelele. "Kwa kuwa katoka Ng'ambo? Babu yako wewe alikuwa na jumba gani, Miraji? Mwanao hajala tangu jana."

Angeweza kumwambia pale pale. Akasema, "Vaa buibui, twende nikamtake radhi."

Borafya aliwapokea uani, randa mkononi, wala hakuwaambia wakae.

"Umekuja kunitia marashi?"

"Nisamehe, bwana. Sikukuona."

"Najua. Watu wa Mjini hamtuoni."

"Sikukuona kwa macho, Borafya. Nnaingia upofu. Pembeni sioni kitu."

Borafya akainyoosha randa upande wa kushoto wa mgeni wake. "Hii nini?"

"Ipi?"

Seremala akaishusha randa. Kisha akafurahi, furaha ya mtu aliyerudishiwa uso wake, akatoa kichwa mlangoni. "Mcha! Mkadam! Njooni! Hakuniruka, haoni!"

Majirani wakajaa uani. "Sema, bwana, wasikie." Miraji akasema. Mkadam akaja nyuma na wenzake. "Rudia, hawa wamechelewa," Borafya akasema. Akarudia, macho chini, masikio yanamuwaka moto. Mmoja akasema, "Maskini!" Wallahi, bora wangemtukana.

"Posa ipo pale pale!" Borafya akatangaza.

Miraji akamtafuta mkewe. Ilibidi azungushe kichwa kizima ndipo amwone ubavuni mwake, pale pale aliposimama tangu walipoingia, kauziba mdomo kwa mkono.

"Tangu lini?" akauliza Bi Mwanakheir.

"Mwaka juzi."

"Daktari alikupa dawa?"

"Alinipa."

"Ukatia?"

Ua mzima ukamtegea sikio. Upofu alishausema mara mbili mbele ya Ng'ambo nzima na hakufa. Hili ndilo lililomshinda. Akainamisha kichwa, na Bi Mwanakheir akajua.