Fukusi Katika Sanduku la Mzee

Mtaani walimwita Bi Pindo, kwa sababu hakuna aliyeweza kupinda gauni kama yeye, ukautafuta uzi usiuone. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa karakana: cherehani dirishani, meza ndefu ya kukatia vitambaa katikati, na friza kwenye kona, iliyohamishiwa huko baada ya jikoni kukosa nafasi ya kupitisha hata mguu. Alishona huku sindano zimechomekwa kifuani pa gauni lake, na wateja walishamzoea hivyo. Alijua viuno vya nusu ya mtaa na hakuwahi kumsengenya mtu kwa kiuno chake. Kwa hilo alisifiwa, na sifa zenyewe alistahili.

Ila wivu, jamani. Mama huyu alikuwa na wivu wa kugawia majirani na bado ukabaki wa kutumia nyumbani. Mumewe akimsifia muuza maziwa kwa kuwahi, yeye roho ilimuuma. Aliwahi kununa kutwa nzima eti mzee amecheka sana na mtangazaji wa redio, mwanamke ambaye sauti yake tu ndiyo iliyowahi kuingia ndani ya nyumba ile. Binti yao alipoolewa na kuhama, alimtania mama yake, "Sasa baba umebaki naye peke yako. Utamwonea wivu nani?"

"Sanduku," Bi Pindo alijibu, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

Hakuwa anatania. Mzee alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli kubwa maisha yake yote ya kazi, na wageni wenye uwezo walizoea kumwachia zawadi ya sigara nene, zile zinazokunjwa kwa majani mazima ya tumbaku. Yeye mwenyewe alivuta kwa nadra sana. Alizitunza. Alipostaafu, alirudi nyumbani na sanduku la mbao za mierezi, lenye kufuli ya shaba na kipima unyevu kilichopachikwa kwenye kifuniko kama saa. Kila jioni alikaa ukingoni mwa kitanda, akalifungua, akalowesha kisponji chake kwa maji safi ya kununua, akazigeuza sigara ubavu huu na ubavu ule. Tumbaku ikikauka hupasuka, na ikizidi maji huota ukungu. Hayo Bi Pindo aliyajua kwa moyo, maana ameyasikia mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe.

"Mke mwenzangu amekula?" aliuliza akiwa mlangoni.

"Amekunywa tu," mzee alimjibu, na kucheka.

Mzee alidhani huo ni utani wa watu waliozeeka pamoja. Bi Pindo alicheka naye, kisha akarudi kwenye kitambaa chake na swali lile lile lililomkaa rohoni miaka nenda miaka rudi: mle ndani kuna nini ambacho kwangu hakipo?

Ikafika miezi ya joto. Ukuta wa chumba cha kulala ulichomwa na jua la mchana mpaka ukiuegemea unaruka, na sanduku lilikuwa limeegemezwa hapo hapo. Asubuhi moja Bi Pindo alikuwa akishona ukosi wa koti la nesi, jeupe pee, akaona kidudu cha kahawia kinatembea juu yake, kidogo kuliko tundu la kifungo, hakina haraka wala wasiwasi. Akatazama kilikotoka. Kulikuwa na kingine kwenye pazia, na kingine kwenye fremu ya mlango wa chumbani.

Mzee alikuwa bafuni na ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye kufuli. Bi Pindo akafungua. Sigara zilikuwa zimelala kimya kama kawaida, lakini nyingine zilikuwa na vitundu vya mviringo, safi kabisa, kama zimechomwa sindano, na chini yake umelala unga wa kahawia. Fukusi. Wamezaliwa humo, wamekula humo, na sasa wanatoka kutembea.

Alifurahi, tena sana. Akafunga sanduku taratibu, akarudi kwenye koti la nesi, na siku ile alishona huku akiimba. Alijikausha hivyo kwa siku kadhaa. Mzee hakuona kitu, kwa maana mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunika jicho moja na kulipunguzia la pili nguvu. Kila jioni aliendelea kuwanywesha fukusi maji safi ya kununua.

Hatimaye sigara moja ilimvunjikia mkononi. Alikuja karakanani ameishika kwenye kiganja kama mtu aliyeokota kifaranga kilichokufa.

"Mama watoto, hebu nisaidie macho. Hiki ni nini?"

Bi Pindo akavaa miwani. Alikuwa amejiandaa kufurahi tena, lakini uso wa mzee ulimwondolea ile raha.

"Fukusi," akasema. "Nilete kitambaa?"

Wakafanya kazi pamoja kwenye meza ya kukatia, kama walivyokuwa hawajafanya kazi pamoja tangu watoto wakiwa wadogo. Mzee alikuwa na utaratibu wake aliojifunza hotelini. Bi Pindo alitandika kitambaa cheupe. Yeye aliishika sigara kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha, akasema ina tundu au haina. Mzee aliipokea, akaigonga gonga juu ya kitambaa. Ikiwa fukusi wamo, unga huanguka. Ya unga ilikwenda kwenye jiko la mkaa lililowaka kizingitini. Nzima iliingia kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko ukaenda kwenye friza, maana baridi kali huua hata mayai yasiyoonekana. Baadaye zingehamia kwenye friji ya kawaida kwanza, kisha ndiyo nje, ili ganda lisipasuke kwa kushtushwa na joto. Kila baada ya sigara moja, mzee alipangusa kitambaa kwa kiganja, kikawa cheupe tena.

Na kila moja ilikuwa na habari yake. Hii ya nahodha aliyekuwa akilia akilewa. Hii ya daktari wa meno aliyeogopa sindano. Bi Pindo alicheka mpaka miwani ikamteleza. Alianza kuona kwamba labda sanduku si mke mwenza, labda ni porojo tu zilizofungiwa kwa kufuli.

Ikabaki moja, ambayo mzee aliitenga pembeni tangu mwanzo. Ilikuwa imefungwa uzi wa kijani katikati.

"Na hii?"

Mzee akapangusa kitambaa kwanza. "Mgeni mmoja. Mfanyabiashara. Alikuwa akija kila mwaka."

"Mwanamke."

"Mwanamke."

"Alivuta haya madude?"

"Alivuta kuliko wanaume. Alikuwa akiniambia niketi, nikamwambia mhudumu haketi. Mwaka wa mwisho aliniachia hiyo." Kisha akaongeza, "Hakuna lililotokea."

"Nimekuuliza?"

Bi Pindo akaizungusha sigara mkononi. "Ulikuwa umeshanioa?"

"Mtoto wa pili alikuwa anatambaa," mzee akasema.

Hakuwa na haja ya kusema kweli. Angeweza kudanganya na Bi Pindo angeshukuru. Mzee akaona mkaa unafifia, akatoka kwenda uani kuchukua mwingine.

Wivu ukampanda Bi Pindo. Mwaka ule alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine miguuni, akishona mpaka vidole vinavimba, na mumewe anatamani kuketi. Akaitazama ile sigara upande huu na upande ule. Ilikuwa nzima. Katika sanduku lote fukusi walikula walichotaka, hii wakairuka. Akachomoa sindano kifuani, akaitoboa. Tundu likatoka zuri, la mviringo, hata fukusi mwenyewe asingelikana.

Mzee akarudi, akatia mkaa, akafuta mikono.

"Hiyo vipi?"

"Imetobolewa," Bi Pindo akasema. "Hapa, karibu na uzi."

Mzee akaipokea. Akapapasa kwa kidole gumba mpaka akalipata tundu. Akaigonga juu ya kitambaa. Hakikuanguka kitu. Akaigonga tena, kwa nguvu kidogo, akainama mpaka jicho lake lenye nafuu likakaribia kugusa meza. Kitambaa kilikuwa cheupe.

Bi Pindo alijua mzee anajua. Unga ndio ushahidi wa fukusi, na sindano haina unga. Alisubiri agombe. Angegomba, yeye alikuwa na maneno ya miaka yote ya kumjibu, yamejipanga kooni.

"Kweli," mzee akasema. "Wameingia."

Akaiweka kwenye jiko bila kuitupa, aliilaza tu kati ya makaa. Uzi wa kijani ukashika moto kwanza. Moshi wake ulikuwa na harufu nzuri kuliko zote zilizotangulia, na Bi Pindo akauonea wivu hata huo moshi, na upole wa mkono ulioilaza. Alikuwa ameshinda na hakuwa na pa kuuweka ushindi.

Mzee akarudi mezani. Akapangusa kitambaa kwa kiganja, polepole, kutoka pembe hadi pembe, ingawa hapakuwa na cha kupangusa. Kisha akanyoosha mkono bila kumtazama.

"Lete nyingine, mama."

"Zimekwisha," Bi Pindo akamwambia.