Waino Aliyesikiliza Dubu

Mimi na Waino Niskala tuligombana miaka thelathini, na sioni sababu ya kuficha. Nyumba zetu zilitazamana, kwingine kote ni misonobari na theluji, sasa mtu ugombane na nani? Alikuwa mbishi, bahili wa maneno, na tangu mkewe Helmi afariki hakumkaribisha mtu sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, hata Jumamosi. Lakini kazi moja aliijua kuliko yeyote wa huku kwetu: kusikiliza dubu.

Dubu jike huzaa katikati ya majira ya baridi, humo humo shimoni anamolala msimu mzima. Watu wa idara ya wanyamapori wakitaka kujua kama amezaa, hawawezi kumwamsha wamuulize. Basi walimchukua Waino. Alilala kifudifudi kwenye mdomo wa shimo, akavua kofia, akatulia. Watoto wa dubu wakinyonya huvuma kama mzinga wa nyuki, na Waino aliweza kukwambia ni wawili au watatu. Alifanya hivyo kila Machi kwa miaka ishirini na miwili. Kuanzia Krismasi mpaka theluji iyeyuke hakuna aliyekanyaga kwake ila Colleen, mama mmoja wa idara hiyo, siku ya kuja kumchukua. Siku hiyo alinyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi.

Miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, masikio yakaanza kumwishia. Nilipomwambia, alinijia juu.

"Masikio yangu mazima! Wewe ndiye unayenong'ona, Sylvi. Meno yamekutoka."

"Meno ninayo yote! Nimekuita mara nne!"

"Umeona? Sasa umesema vizuri, nimesikia."

Ningeweza kumwambia Colleen. Sikumwambia. Niliona kwamba akinyang'anywa siku ile moja, majira yote ya baridi yatapita bila mtu kwake.

Basi Machi hii ninayoisimulia Colleen alikuja na kitoto cha dubu ndani ya koti lake. Wakata miti walikuwa wamemtimua mama yake shimoni, naye hakurudi. Kilikuwa kidogo kama mkate, na kwa siku mbili kilikuwa kimekataa chupa.

"Leo leo lazima kipate mama mwingine mwenye maziwa," alisema. "Kesho hatuna kitu."

Dubu aliyevalishwa kola ya redio, ile inayowaonyesha alipo, alikuwa mmoja tu wa karibu, amelala chini ya mti ulioanguka ng'ambo ya kijito. Kama alikuwa amezaa mwaka huo, angekipokea na kukinyonyesha pamoja na wake. Kama hakuzaa, hana maziwa, na kukiacha pale ni kukiua.

Niliwapeleka kwa pikipiki yangu ya theluji mpaka kijitoni, tukamalizia kwa miguu.  Waino akalala, akavua kofia. Alikaa muda mrefu kupita kawaida yake, kisha akainua kichwa.

"Wapo," alinong'ona. "Wawili."

Nilimkazia macho. Akatazama pembeni. Nikajua ni uongo, nami nikanyamaza tena, Mungu anisamehe.

Colleen akafungua koti. Baridi ilipokigusa, kile kitoto kikapiga ukelele mpaka nikaziba masikio. Waino alikuwa anakitazama. Aliona mdomo umeachama, ulimi mwekundu unatetemeka, na nilimwona usoni akingoja sauti ambayo haikumfikia. Nadhani hata yeye hakujua, mpaka dakika ile, kwamba mambo yamefika huko. Akamshika Colleen mkono.

"Usikiweke! Sijasikia kitu. Sisikii, Colleen. Tangu mwaka jana ninabahatisha tu."

 Colleen alinipa mimi kitoto, kikajichimbia kwapani mwangu, yeye akalala kwenye mdomo wa shimo. Tulingoja. Halafu mabega yake yakalegea, akainua vidole viwili.

Walikuwa wawili kweli. Mzee alikuwa amebahatisha na kupata, na bado alikuwa amejiharibia kazi mwenyewe.

Colleen alikiweka kitoto mlangoni. Kikalia, kikalia, na mkono mweusi mpana ukatoka polepole ukakivuta ndani. Kilio kikakatika. Baadaye nilipiga magoti nikasikiliza na mimi, maana miaka yote hiyo sikuwahi kwenda kusikia mwenyewe alikuwa anafuata nini huko. Ulikuwa mvumo mnene, wa shibe, usiokatika. Nilitokwa na machozi.

"Kinanyonya?" Waino aliuliza.

Pale huwezi kupaza sauti. Nikaitikia kwa kichwa. Akavaa kofia, akaenda kusimama mbali kidogo, ametupa mgongo.

Barabarani, kando ya gari, Colleen alimkumbatia. Akamwambia hukohuko begani, kwa upole kabisa, kwamba mwakani watatumia kinasa sauti cha waya, kwamba hatamwita tena, na kwamba hatamsahau. Waino alimpigapiga mgongoni.

"Haya, Colleen. Haya, haya."

Alipoachiliwa alikuwa anatabasamu. Gari lilipoondoka akanigeukia.

"Ana roho nzuri yule. Nilidhani hatanitaka tena. Machi ijayo nitampashia moto sauna, na wewe uje."

Maneno yale Colleen aliyasema kwa sauti ya chini, kama yanavyostahili kusemwa. Mimi ilinibidi niyaseme kwa kelele, pale katikati ya barabara, na niyarudie, kwa sababu mara ya kwanza hakusikia.