Baba wa Watu

Baba alikuwa na duka la mabati na misumari Uthiru, kando ya Waiyaki Way, na mbele ya duka palikuwa na benchi. Benchi hilo nililichukia, nisiseme uongo. Kila Jumamosi lilijaa watu: mjane anayetaka bati la kuezekea jikoni, kibarua kutoka Magharibi aliyeachishwa kazi, mama aliyebeba mtoto anayekohoa. Baba, shemasi wa kanisa letu la Kibatisti, aliketi nao mmoja mmoja, akawasikiliza utadhani duniani hamna mtu mwingine. Walimwita Baba. Wote! Mimi mwanawe wa kumzaa nilimwita hivyo hivyo, na wala hakugeuka.

Mama alipenda kusema, mgeni njoo mwenyeji apone. Apone nini? Sisi wenyeji tulikula ugali na mchuzi waliobakisha wageni.

Kwetu mtoto mchanga habatizwi. Unaamua mwenyewe ukishajielewa, ndipo unazamishwa majini mbele ya kanisa zima. Siku nilipoamua, nilitaka Baba awe wa kwanza kujua. Nikaenda nikakaa mwisho wa benchi na sare yangu ya shule, nikangoja. Zamu yangu ilipofika alicheka. "Wewe si ni wa nyumbani? Tutaongea jioni."

Jioni akaja mgeni. Habari yangu Baba aliisikia kwa mchungaji. Na nilipotoka majini nimelowa chepechepe, nikamtafuta kwa macho, nikamwona anamfunika leso msichana mwingine aliyebatizwa siku hiyo, yatima. Ningemlaumu vipi? Lakini niliumia, na bado naumia.

Sasa naishi Kilimani, ghorofani, na jirani wa mlango wa pili hata sura yake siijui. Mama alishafariki. Baba amepotelewa na kumbukumbu, na wale waliomwita Baba wamepungua mpaka wamekwisha. Kila Jumapili baada ya ibada naenda Uthiru kumwona. Huwa hanijui. Nakaa, nakunywa chai, narudi.

Jumapili iliyopita alinitazama sana. "Karibu, mama. Umetoka mbali?"

"Kilimani."

"Una watu huko?"

Nilitaka kumjibu vizuri tu, kama tunavyojibu wazee. Badala yake nikasema, "Sina mtu."

Akasogeza kiti chake karibu na changu, akanishika mkono. Basi nikamwaga yote: ndoa iliyovunjika, kazi inayonichosha, ukimya wa ile nyumba nikifungua mlango. Hakunikatiza. Hakutazama pembeni hata mara moja. Jamani, furaha niliyoisikia! Na hasira pia, tena nyingi.

"Na baba yako," akauliza, "yuko hai?"

"Yuko."

"Anajua unavyoteseka hivi?"

"Hajui. Hakuwahi kuwa na nafasi."

Baba alikasirika. Sijawahi kumwona amekasirika hivyo, hata na wezi wa dukani. "Baba gani huyo anakosa nafasi ya mtoto wake? Nipeleke kwake. Nipeleke leo nimwambie!"

"Usimkasirikie," nikamwambia. "Ni mtu mwema. Uliza mtu yeyote hapa Uthiru."

Akatikisa kichwa. Hakuniamini.