Kitambaa cha Bei Kamili

Ukinionyesha punguzo la bei, akili inaniruka. Sikatai, wala sina wa kumsingizia. Dada yangu alizoea kusema kwamba hata jeneza nitalinunua likiwa nusu bei, nilisukume uvunguni lingoje siku yake. Tulikuwa tukicheka mpaka mbavu zinauma. Siku hizi mzaha huo sitaki kuusikia.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi sita. Alilikokota cherehani la mama mpaka chumba cha mbele, akalitia mafuta, akaanza kushona mablanketi ya viraka, kwa sababu mabaki ya vitambaa ndiyo mali pekee tuliyoachiwa. Alinisomesha kwa viraka, akaniozesha kwa viraka, na ndoa yangu ilipovunjika nikarudi na sanduku moja, akasogeza kiti chake kidogo, akaweka cha pili. Hakuniuliza neno. Aliniambia tu, "Kaa hapo, Chapuchapu, unga hivi vya bluu."

Chapuchapu ndilo jina alilonipa tangu utotoni, kwa kuwa sina subira. Basi kazi tuligawana kwa tabia zetu. Mimi niliunga viraka kwa cherehani, trrr, trrr, uso wa blanketi unakamilika kwa siku mbili. Yeye alitandika uso huo juu ya pamba, chini ya pamba akaweka bitana, halafu akapitisha sindano kwa mkono, safu zote tatu kwa pamoja, kidogo kidogo, wiki nzima, wiki mbili. Na alikuwa na sharti moja ambalo hata mteja mwenye kelele hakuweza kulipindua: bitana lazima iwe kipande kimoja. Hakuna kuunga katikati.

"Viraka ni vya wageni kutazama," alikuwa akisema. "Mwenye kulala anaguswa na bitana. Usimfunike mtu kwa mshono."

Ndiyo maana tulihitaji kile kitambaa cheupe kipana, ambacho si kila duka linacho.

Miaka thelathini aliwafunika watu, na yeye mwenyewe akijifunika shuka lililochakaa. Mganga hajigangi, wahenga hawakukosea. Kisha daktari wa macho akamwambia kwamba ana presha ya macho, dawa itachelewesha upofu tu, haitauzuia. Alirudi nyumbani akavua viatu, akafungua kabati, akatoa mfuko ambao sikuwahi kuuona. Ndani mlikuwa na viraka alivyovificha miaka yote: gauni la mama la maua madogo, mashati ya marehemu mumewe, sare yangu ya shule, hata kipande cha pazia la nyumba tulimozaliwa.

"Hili litakuwa blanketi langu," alisema. "Na nataka kulishona mwenyewe, kwa macho yangu haya, kabla hayajaniaga. Haraka haina baraka, najua, lakini macho yangu hayajasikia methali hiyo."

Niliunga uso wa lile blanketi kwa siku tatu. Pamba tulikuwa nayo. Ilibaki bitana tu.

Wiki hiyohiyo mwenye duka la vitambaa pale kona akatupigia simu. Ni mama mmoja mnene, mcheshi, mdomo haupumziki. Anaondoa vifaa vya kushonea, anaingiza mapazia, kila kitu nusu bei, njooni kabla hamjachekwa. Dada alikaa kitandani akanipa noti zilizokunjwa na maagizo mafupi.

"Kitambaa kipana kwanza, Chapuchapu. Mita tano. Ukishakikata, zinazobaki ni zako, nunua hata upepo."

"Nimesikia, Dada."

"Nimesema kwanza."

"Jamani, nimesikia!"

Nilisikia kweli. Masikio yangu hayana ugonjwa. Lakini ingieni nyinyi kwenye lile duka siku ile! Meza ya kwanza ilijaa rili za uzi, rangi ambazo huwa natamani kwa mbali: zambarau iliyokolea, kijani cha jani changa, nyekundu za aina tano. Meza ya pili zipu, pini, sindano za cherehani, mikasi ya kukatia kona. Kila kitu kina karatasi nyekundu ya nusu bei. Mikono ikaanza kuniwasha. Nilijaza kikapu, nikapunguza, nikajaza tena, nikipiga hesabu ya kazi za mwaka mzima.

Kitambaa kipana kilikuwa rafu ya juu kabisa, jora moja, la mwisho. Halikuwa na karatasi nyekundu.

"Hiki je?" nikauliza.

"Hicho hakipungui hata senti, mama. Watu wa magodoro wanakigombania."

Alikiteremsha. Nilikishika. Kilikuwa kizito, laini, cheupe kama kile Dada alichokipenda siku zote. Nikauliza bei, nikatazama kikapu changu, na nikajua kwamba nikikata mita tano nitarudisha karibu nyuzi zote mezani. Hapo ndipo ujinga wangu ulipovaa nguo za busara. Nilijiambia: siku ya punguzo unanunuaje kitu cha bei kamili? Si ni kwenda kwenye chakula cha bure na kulipa mlangoni? Nyuzi zitakwisha leo. Kitambaa hakijapungua leo na hakitapanda kesho, nitakifuata wiki ijayo nikipata malipo ya yule mteja aliyeagiza mablanketi ya mapacha wake. Bei ni ileile.

Nikamrudishia jora lake. Nikanunua rili sitini.

Nyumbani Dada alikuwa amekwisha kufagia sakafu ya chumba cha mbele ili tutandike. Kastabini yake ya kuzuia sindano ilikuwa tayari kidoleni.

"Kitambaa?"

"Kimekwisha, Dada."

Uongo ule ulinitoka laini, sikukohoa hata kidogo. Akasema, "Aa. Basi." Akaivua kastabini, akaiweka kwenye kisahani chake. Mimi nikamwaga nyuzi mezani, nikazisifia moja moja. Akaokota rili moja akaisogeza karibu na uso.

"Hii ni kahawia?"

Ilikuwa nyekundu. Nilicheka, nikidhani ananitania.

Wiki iliyofuata nilikwenda dukani na pesa mkononi. Jora lilikuwa limenunuliwa lote na fundi wa magodoro, kesho yake tu baada ya mimi kulishika. Uongo wangu ukawa kweli, na sikupata nafuu yoyote kwa hilo. Nilizunguka maduka yote mjini. Kote waliniambia vyembamba vipo, mama, vipana subiri. Nikamwomba Dada niunge vipande viwili. Alikataa.

"Nitangoja."

Alingoja miezi mitano. Uso wa blanketi ulikunjwa juu ya kiti chake, naye akakaa kando yake akisikiliza redio. Kila mara niliposhika uzi nilijisikia mwizi. Mwezi wa sita akaniambia, kwa sauti ya kawaida tu, "Haya, unga." Niliunga. Nilipiga pasi ule mshono mara nne, labda utakufa. Tukatandika, tukakunja, akakaa kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kupitisha sindano. Alishona kuanzia saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, akiimba chinichini. Aliposimama kwenda kunywa maji, blanketi likasimama naye. Alikuwa amelishonea kwenye gauni lake.

Alicheka sana. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Kisha nikakata nyuzi polepole, moja moja, na nilipoinua kichwa nikaona kicheko kimekwisha, ananyoosha kidole chenye kastabini kunielekea.

"Ivue. Malizia wewe kwa cherehani."

Nilimalizia kwa siku moja. Trrr, trrr.

Nilipolitandika kitandani kwake, alikaa ukingoni akapitisha kiganja chini ya blanketi, kwenye bitana. Akaufikia mshono. Akaufuata kwa kidole kutoka miguuni mpaka kwenye mto, taratibu, asiruke hata shibiri moja.

"Umenyooka," alisema.

Hapo nikashindwa. Nilipiga magoti sakafuni nikamwambia yote, jora, rafu, bei kamili, rili sitini. Nililia kama mtoto aliyevunja sahani.

"Najua," alisema Dada.

"Unajua nini?"

"Nilimpigia mwenye duka baada ya siku mbili, anitunzie kikija kingine. Unamjua mdomo wake. Akaniambia, mdogo wako si alikishika, akakirudisha?"

"Mbona hukunisema, Dada? Mbona hukunitukana hata tusi moja?"

Alifikiri kidogo. "Ulikuwa umezipanga zile nyuzi dirishani, rangi kwa rangi. Ulikuwa unaimba. Tangu uachike sikuwahi kukusikia ukiimba."

Nilijifuta machozi, nikasimama.

"Ligeuze," akaniambia. "Mshono uwe juu. Viraka vilale na mimi." Nikaligeuza. Akaingia chini yake, mikono ikaanza kutafuta. "Gauni la mama liko wapi?" Nikaushika mkono wake nikaupeleka.

Ndivyo anavyolala mpaka sasa. Vitu vyake vizuri vyote viko ndani, upande wake, na upande wa nje ni weupe mtupu wenye mshono katikati. Kila asubuhi nikimpelekea chai, huo ndio ninaouona kwanza. Nyuzi bado ziko dirishani. Rili tatu nilizitumia kwenye blanketi lake, hamsini na saba sijazigusa.